Kabla ya kuwaomba waikubali mbegu

SWALI: Mimi ni afisa mawasiliano katika kituo cha utafiti wa kilimo. Watafiti wetu wanakaribia kumaliza majaribio ya zao lililobadilishwa vinasaba ili listahimili wadudu. Nimepewa kazi ya kuandaa kampeni ya kuelimisha umma ili wakulima na walaji walikubali. Tumeitisha mikutano mitatu na kugawa vipeperushi, lakini kila mara watu wanaondoka na hofu kubwa kuliko waliyokuja nayo. Tunakosea wapi, na tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu yangu, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye neno moja: "walikubali". Mkutano ulioitishwa ili watu wakubali jambo hujulikana tangu mlangoni. Meza ya wataalamu iko mbele, maelezo yanachukua saa moja na nusu, maswali yanaachiwa robo saa ya mwisho wakati watu wameshaanza kutazama jua. Mtu mzima akiona hivyo anajua kwamba uamuzi umeshapita na yeye ameitwa kuupigia makofi. Akikataa, si lazima awe ameikataa sayansi. Huenda amekataa kuburuzwa.

Nimekaa nyuma ya meza ya namna hiyo kwa miaka mingi. Siku moja mama mmoja alisimama, akajifunga vizuri kitambaa chake, akauliza: "Tukisema hatuitaki, itakuwaje?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa na jibu, maana hakuna kati yetu aliyewahi kufikiria kwamba hilo linawezekana. Mkutano uliishia pale, ingawa tuliendelea kuongea kwa saa nzima.

Kampeni nyingi husimama juu ya imani kwamba watu wanaogopa kwa sababu hawajui, na wakijua hofu itaisha. Katika tafiti za maoni zilizofanywa Ulaya miaka ya 1990, watu waliulizwa kama ni kweli kwamba nyanya za kawaida hazina jeni, ila zile zilizobadilishwa ndizo zenye jeni. Kila nyanya ina jeni, lakini wengi walikosea au walisema hawajui, na tangu hapo wataalamu hulirudia swali hilo kuonyesha jinsi umma usivyoelewa. Mimi nalitazama tofauti. Watu wa kiwango kile kile cha elimu walikuwa tayari wakitumia insulini inayotengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni ya binadamu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, na hawakuandamana. Hawakuhitaji darasa la biolojia. Walimwona ndugu yao mwenye kisukari akiishi, na walikuwa na daktari waliyemwamini.

Kwa wakulima ni vivyo hivyo. Mwaka 2001 iligundulika kwamba katika jimbo la Gujarat, India, maelfu ya hekta yalikuwa yamepandwa pamba yenye jeni ya Bt, yaani jeni ya bakteria wa udongoni inayoufanya mmea uue viwavi, wakati serikali haijaidhinisha pamba yoyote ya aina hiyo. Idhini ya kwanza ilitoka mwaka uliofuata. Kusini mwa Brazil wakulima walivusha soya ya GMO, yaani iliyobadilishwa vinasaba, kimagendo kutoka Argentina miaka kadhaa kabla ya sheria kuiruhusu, wakaipa jina la Maradona. Sikwambii haya ili nisifu magendo, kwa kuwa mbegu isiyokaguliwa humwacha mkulima bila wa kumlalamikia. Nakwambia ili uache kuwaza kwamba mkulima ni chombo kitupu kinachongoja kujazwa maarifa. Anapima faida, anapima hatari, na anampima yule anayemletea habari.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ninyi wenyewe, kabla ya kuchapa kipeperushi kingine, ni hili: zao lenu linatibu tatizo la nani? Biringanya ni mfano mzuri. Kusini mwa Asia adui yake mkubwa ni funza anayetoboa shina na tunda. Chukua tunda lililoshambuliwa ulipasue kwa kisu. Kwa nje unaona tundu dogo tu, lakini ndani kuna njia ya kahawia iliyojaa kinyesi, na mwisho wa njia hiyo funza mwenyewe. Akishaingia, dawa haimfikii. Ndiyo maana mkulima hupuliza tena na tena akijaribu kumwahi kabla hajatoboa, na dawa hiyo hiyo inamrudia machoni, kifuani na kwenye nguo ambazo mkewe atazifua. Mwenye shamba kama hilo hakuna haja ya kumweleza kwa nini mmea unaojilinda una maana.

Oktoba 2013 Bangladesh iliidhinisha aina nne za biringanya ya Bt, na Januari 2014 miche ikakabidhiwa kwa wakulima 20. Ishirini tu. Mbegu ilitolewa na taasisi ya umma ya utafiti wa kilimo ya nchi hiyo, na mkulima aliruhusiwa kuhifadhi ya kupanda msimu ujao. Baadaye idadi ya wakulima ilipanda hadi maelfu mengi, na naamini sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na majirani waliosimama kwenye mpaka wa shamba wakahesabu matunda wenyewe.

Ng'ambo ya mpaka, India, mambo yalikwenda vingine, na jeni ni ile ile iliyowekwa kwa namna ile ile. Oktoba 2009 kamati ya wataalamu iliidhinisha biringanya hiyo. Upinzani ukawa mkali, na waziri wa mazingira, Jairam Ramesh, akazunguka miji saba kusikiliza wakulima, wanasayansi, madaktari na wanaharakati. Februari 2010 akasimamisha idhini. Wanasayansi wengi hadi leo humlaumu waziri. Mimi simlaumu kwa kusikiliza. Kilichoharibika ni kwamba masikio yalifunguliwa baada ya kamati kuamua, hivyo kila aliyeinuka kusema alikuwa anapigana na jambo lililokwisha kupitishwa. Ukiwasikiliza watu mwishoni, watakachokupa ni kura ya kukataa, kwa sababu ndiyo pekee iliyobaki mikononi mwao.

Sasa nije kwenye mbegu, maana naona kwenye barua yako hukuitaja kabisa, na ninahisi hofu kubwa ya wasikilizaji wako imelala hapo. Bila shaka umesikia mtu akisema, "Mbegu hizi ukipanda mara moja hazioti tena, utakuwa mtumwa wa kampuni." Wenzako wataita uvumi huo ujinga. Uvumi huo una kisa chake. Mwaka 1998 nchini Marekani ilitolewa hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya teknolojia ya kuifanya mbegu ya kizazi cha pili isiote. Dunia ilipiga kelele, kampuni ya mbegu ya Monsanto ikaahidi mwaka 1999 kwamba haitaiuza, na mwaka 2000 nchi wanachama wa Mkataba wa Bioanuwai, ule wa kimataifa wa kulinda aina za viumbe, zikapendekeza isiruhusiwe mashambani. Haikuwahi kuingia sokoni. Lakini ilikuwepo, na aliyeisikia hakuota ndoto. Ukimwambia "hilo si kweli" ukaishia hapo, umemdanganya nusu. Ukimsimulia kisa chote, umemheshimu, na atakusikiliza kwenye jambo linalofuata.

Kuna na mkanganyiko mwingine. Mbegu chotara haifai kuhifadhiwa kwa sababu kizazi chake cha pili hutawanyika sifa, na hilo halina uhusiano wowote na GMO. Kwa watu wengi neno GMO limekuwa kapu la kila kitu: kuku anayekua haraka, tikiti lisilo na mbegu, mahindi chotara, tunda kubwa lisilo na ladha. Usiwacheke. Tenganisha kapu hilo kitu kimoja kimoja, kwa subira, halafu sema la kwenu liko wapi.

Na la kwenu lisemwe waziwazi. Hataza ya jeni ni ya nani? Mkataba wenu na mwenye hataza unasema nini? Mkulima anaruhusiwa kuhifadhi mbegu, kumpa shemeji yake, kuuza kwa jirani? Bei itapangwa na nani miaka mitano ijayo? Nigeria waliporuhusu kunde yao ya Bt mwaka 2019, ile inayoitwa SAMPEA 20-T, walikuwa na jibu lenye uzito. Aina hiyo ilitengenezwa katika taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoko Zaria kwa kushirikiana na wenzao wa ndani na nje ya Afrika, jeni ilitolewa bila kutozwa mrabaha, yaani malipo kwa mwenye hataza, na kunde hujichavusha yenyewe, hivyo mbegu iliyohifadhiwa hubaki na sifa zake. Upinzani haukwisha, na bado upo hadi leo. Lakini mjadala wa kunde ulipofika kwenye umiliki, kulikuwa na karatasi ya kuonyesha. Kama ninyi hamna karatasi hiyo, au mnayo na inasema mambo msiyopenda wakulima wayajue, shida yenu si ya mawasiliano. Mrudishie mkurugenzi.

Kuhusu usalama wa chakula, usianze na DNA. Anza na bakteria wa udongoni. *Bacillus thuringiensis*, ambaye jina la Bt limetokana naye, amekuwa akiuzwa kama dawa ya kupuliza tangu mwaka 1938 huko Ufaransa, na wakulima wa kilimo hai wanaitumia mpaka leo. Protini yake humeng'enywa kwenye tumbo la kiwavi, ambalo lina hali ya magadi, kisha hujishika kwenye vipokezi vya ukuta wa utumbo wake na kuutoboa. Tumbo la binadamu lina asidi, na utumbo wetu hauna vipokezi hivyo. Maelezo haya yanachukua dakika tatu, na mtu akienda nyumbani anaweza kuyarudia kwa mwenzake. Ongeza kwamba mwaka 2016 Akademia za Taifa za Sayansi za Marekani, baada ya kupitia mamia ya tafiti, hazikuona ushahidi thabiti kwamba mazao ya GMO yaliyoko sokoni yana hatari kubwa zaidi kwa afya ya mlaji kuliko mazao ya kawaida. Halafu endelea, kwa sababu ripoti ile ile ilisema pia kwamba magugu sugu kwa dawa yamekuwa tatizo kubwa la kilimo mahali ambapo mazao yanayostahimili viuagugu yalitumiwa bila uangalifu. Ukisoma ukurasa unaokufurahisha ukauruka unaofuata, ipo siku mtu atausoma mbele yako.

Ahadi ndiyo mahali penye mtego. Jeni ya Bt inazuia aina fulani za viwavi. Haizuii mnyauko wa bakteria, haizuii vidukari, haileti mvua. Mkulima aliyeambiwa "mmea huu hauugui" akiona shamba lake limenyauka kwa ugonjwa wa udongo atasema mmeshindwa, na mwandishi wa habari atapiga picha ile ile. Kwa hiyo orodha ya yale ambayo zao lenu HALIFANYI iandikwe kwa herufi kubwa kama ile ya yale linayofanya. Na wadudu hujifunza. Afrika Kusini, kufikia mwaka 2007 ilikuwa imeripotiwa kwamba kiwavi wa mabua ameanza kuyashinda mahindi ya Bt. India, funza mwekundu wa pamba alizishinda hata jeni mbili zilizounganishwa. Dawa ya hilo ni kutenga sehemu ya shamba kwa mbegu ya kawaida, ili wadudu wasiokuwa sugu wabaki na wazaliane na wale sugu. Mwombe mkulima atenge sehemu ya kuliwa na viwavi, uone atakavyokutazama. Lazima aambiwe sababu kabla ya kupanda, na mara nyingi haambiwi, kwa kuwa kampeni iliogopa kutaja udhaifu.

Kisa ninachokirudia kwa kila mwanafunzi wangu ni cha Burkina Faso, na nitakaa nacho kidogo. Nchi hiyo iliruhusu pamba ya Bt kwa wakulima mwaka 2008. Kwa mkulima ilikuwa nafuu ya kweli, kwa sababu kupuliza dawa kulipungua kutoka mara sita hivi hadi mbili kwa msimu, na fikiria uzito wa bomba la dawa mgongoni kwenye jua kali. Eneo likapanuka haraka, na mikutano ya kimataifa ikaisifu nchi hiyo kama mfano wa kuigwa. Lakini pamba haiishii shambani. Inakwenda kwenye kinu cha kuchambulia, kisha kwa mnunuzi anayepima urefu wa nyuzi, na pamba ya Burkina Faso ilikuwa na sifa ya nyuzi ndefu. Nyuzi za pamba mpya zilikuwa fupi zaidi, na kiasi cha nyuzi kinachotoka kinuni kilipungua. Maelezo yanayotolewa na wengi ni kwamba urejeshaji wa sifa za mbegu za wenyeji, ule wa kuzalisha na mzazi wa asili kizazi baada ya kizazi, ulifanywa kwa haraka. Makampuni ya pamba yakapoteza bei nzuri sokoni, yakadai fidia, na kufikia mwaka 2016 nchi ilikuwa inarudi kwenye mbegu ya kawaida, huku wakulima wengi wakisikitika.

Tazama jinsi kisa hiki kinavyoivunja hesabu ya "kukubalika". Wakulima walikubali. Serikali ilikubali. Sayansi ya Bt ilifanya kazi yake bila dosari. Aliyesahaulika ni yule anayeshika nyuzi kati ya vidole viwili na kusema "hii fupi". Kwa hiyo kwenye mkutano wenu ujao mwiteni mchuuzi, msagaji, msindikaji, na zaidi ya wote mpishi. Wapeni zao mkononi walipike, walionje, waseme. Wakikuta kasoro, ni afadhali wakaikuta sasa ambapo mbegu bado iko kwenye vyumba vyenu.

Jambo litakalokupata siku moja, jiandae nalo, ni habari mbaya kutoka mbali. Septemba 2012 timu ya mtafiti Mfaransa Gilles-Éric Séralini ilichapisha utafiti wa panya waliolishwa mahindi ya GMO, na picha za panya wenye uvimbe mkubwa zikaenea duniani. Miezi miwili baadaye Kenya ikapiga marufuku uingizaji wa vyakula vya GMO, ingawa ilikuwa na sheria ya usalama wa bayoteknolojia tangu 2009 na mamlaka ya kuisimamia. Wanasayansi walionyesha kasoro: aina ile ya panya hupata uvimbe kwa urahisi wakizeeka, na kila kundi lilikuwa na panya 10 tu wa kila jinsia. Novemba 2013 jarida likauondoa utafiti huo, ingawa ulichapishwa tena kwingine mwaka 2014. Serikali ya Kenya haikuiondoa marufuku hiyo hadi Oktoba 2022. Mwaka mmoja kwa jarida, karibu miaka kumi kwa nchi. Picha moja ya panya ilikuta uwanja mtupu, hakuna sauti ya nyumbani iliyokuwa imezoeleka na kuaminiwa ambayo ingeweza kusema, "Ngoja, tuisome kwanza." Sauti hiyo haijengwi siku ya moto. Walete waandishi wa habari shambani kwenu msimu ambao hakuna kisa chochote, waone uzio, waulize, waone pia mimea iliyokufa.

Na kuna jeraha tunalojitia wenyewe. Mwaka 2008 katika jimbo la Hunan, China, watoto walilishwa wali wa mpunga wa dhahabu, ule ulioongezewa beta-karotini ili mwili utengeneze vitamini A. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012 na yalikuwa mazuri. Ikabainika kwamba wazazi hawakuelezwa ipasavyo kwamba chakula kile kimebadilishwa vinasaba. Kashfa ikawa kubwa, na mwaka 2015 jarida likaondoa makala hiyo kwa sababu za maadili. Mpunga haukuwa na kosa. Wazazi walifichwa jambo ambalo walikuwa na haki ya kulijua, na tangu hapo kila mpinzani wa mpunga ule ana hoja ambayo sisi ndio tuliompa. Naandika hili kwa uchungu, kwa sababu ukosefu wa vitamini A unapofusha watoto kweli.

Kwa hiyo atakayesema zao lenu ni salama asiwe ninyi. Mtafiti aliyelizalisha analipenda, na ni haki yake, lakini mzazi si hakimu wa mwanawe. Mdhibiti awe ofisi nyingine, yenye bajeti yake na mamlaka ya kusema hapana, na aonekane akisema hapana inapobidi. Kama nchi yenu ni mwanachama wa Itifaki ya Cartagena, mkataba wa kimataifa kuhusu usalama wa viumbe vilivyobadilishwa vinasaba, ibara ya 23 inaitaka kushauriana na umma katika kufanya uamuzi na kuutangazia matokeo. Isome, ni fupi. Inazungumzia kushauriana wakati wa kuamua, na mikutano yenu mitatu imekuwa ya kutangaza. Lebo kwenye chakula nayo usiipige vita. Najua wenzako wanahofia itatisha watu, na pengine itatisha mwanzoni, lakini mtu aliyenyimwa nafasi ya kuchagua hutafuta kila namna ya kuilipiza.

Umeniuliza uanzie wapi. Anza na daftari. Nenda vijijini bila projekta wala fulana zenye nembo, kaa na wakulima ishirini, uwaulize msimu uliopita ulikuwaje na nini kiliwaumiza zaidi. Usilitaje zao lenu mpaka waulize unafanya kazi gani. Andika kila swali kama lilivyotamkwa, kwa maneno yao. Rudi kituoni, ukae na watafiti, na kila swali lipate jibu la sentensi mbili, au lipate maneno "hili hatujalipima". Kisha urudi kwa watu wale wale na majibu hayo. Wengi hawajawahi kumwona mtu wa ofisini akirudi.

Mabosi wako watataka idadi ya watu "waliofikiwa". Wape hiyo daftari badala yake.

Na kabla ya mkutano wa nne, ingia kwa mkurugenzi wako na swali la yule mama: wakisema hawaitaki, itakuwaje? Utoke na jibu lililoandikwa na kutiwa saini. Ukilipata, lisome mwanzoni kabisa, kabla mtaalamu yeyote hajashika kipaza sauti. Usipolipata, ahirisha mkutano.